Nani Kasema Thelathini na Tano

Bi Dereva alikuwa hamsalimii mtu aliyekuja na gari mpaka alisalimie gari kwanza. Uliposhuka na kumwamkia, yeye alikuwa amekwisha kuinama kwenye gurudumu la mbele, analigusa tairi kwa mgongo wa mkono kama mama anayempima mtoto homa. Akilikuta na joto alijiinua akasema, "Hili halijalala." Hapo ndipo alipoitikia marahaba na kukusogezea kigoda. Ukishasogezewa kigoda ujue unakaa. Gari lililotoka barabarani alikuwa halipimi upepo, liwe la nani, na kwa hesabu yake gari lilihitaji saa tatu za kivuli ndipo liitwe limelala. Wengine walikaa. Wengine walimcheka wakaondoka, naye hakuwaita.

Sababu aliieleza mara moja tu, tena kwa haraka, kama mtu aliyechoka kuieleza. Tairi likikimbia hupata joto, joto hupandisha upepo, na kipimo husoma zaidi ya kilichomo. Wewe unaona umezidi, unautoa. Asubuhi gari limepoa, matairi yamelegea, nawe huna habari, unaingia barabara ya Lungalunga kwa kasi na watoto nyuma, tairi linajikunja na kuchemka mpaka linapasuka. "Halafu mnasema ajali," alikuwa akisema. "Ajali gani, na upepo umeutoa kwa mkono wako?"

Sijui alizaliwa wapi, na ukoo wake sikumuuliza. Najua kwamba kwa miaka mingi aliendesha gari la kliniki, lile linalopeleka wauguzi na chanjo vijijini: kule bara, Kinango mpaka Taru, ambako njia ni mawe, na huku pwani mpaka Kibuyuni, ambako ni mchanga. Nilipomjua alikuwa amestaafu, anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu hapa Msambweni, na kipimo chake cha upepo alikiweka mkobani pamoja na tasbihi. Watoto wa mtaa ndio waliomwita Bi Dereva, na sisi wakubwa tukafuata.

Mimi gari niliachiwa na mume wangu, Mungu amrehemu. Ni lile kubwa la zamani, lililoletwa kutoka Japani likiwa limekwisha kutumika, linalovuta kwa magurudumu yote manne, lenye safu tatu za viti. Alilinunua kwa ajili ya mama yake, ambaye kwao ni ndani kabisa nyuma ya Kinango, na alitaka kwenda kwao inyeshe isinyeshe. Alipofariki, hata arubaini haijafika, kaka yake mkubwa anayekaa Likoni akaanza kusema kwamba gari atalichukua yeye alitunze kwa niaba ya watoto. Nasema wazi, fungu hakuwa nalo. Watoto wangu watatu wapo, na wawili ni wa kiume. Alichokuwa nacho ni sauti. Gari kubwa si la mwanamke, alisema, huyu ataliua. Na mimi wakati ule nilikuwa na leseni ya miaka minne na woga wa miaka arubaini, nikanyamaza.

Nilipotoka eda akaliazima kwa wiki moja, akalirudisha limeoshwa, matairi yamejazwa mpaka ukiyapiga teke unaumia wewe. Alisema amenifanyia hisani. Ameisoma namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, hamsini, na ameiweka vivyo hivyo, nisiguse. Ijumaa ile nikampeleka mama mkwe kwao. Gari liliruka juu ya kila jiwe, mama mkwe kiti cha nyuma anavuta uradi. Tulipokaribia kufika tairi la nyuma likapigwa na jiwe lenye makali, likapasuka, tukaingia mtaroni. Hakuumia mtu. Lakini kabla sijarudi nyumbani shemeji alikuwa amekwisha kuandika kwenye kundi la simu la familia, mbele ya mashangazi na wajomba wote, kwamba yeye si alisema.

Bi Dereva alikuja kulitazama tairi lile bila kuitwa. Akaliviringisha uani, akatia vidole kwenye tundu, akaniuliza mlikuwa na upepo kiasi gani. Nikamwambia hamsini.

"Nani kasema?"

Nikamwambia shemeji. Akauliza shemeji naye kaambiwa na nani. Nikamwonyesha namba iliyoandikwa ubavuni. Alicheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Akasema hiyo ndiyo namba ya mwisho ambayo tairi linaweza kubeba, kama vile yuko mtu anayeweza kumaliza sinia zima la pilau. Huwezi kumpakulia sinia zima kila siku kwa sababu anaweza. Kisha akafungua mlango wa dereva na kunionyesha kibandiko kwenye nguzo yake, kimeandikwa Kijapani chote isipokuwa namba. Miaka mitatu nilikuwa nakifuta vumbi nikidhani ni nembo ya kiwanda. Pale ndipo upepo wa gari langu ulipokuwa umeandikwa. Lakini nilipofurahi kwamba sasa nimepata namba, akaufunga mlango. Hiyo ni ya gari lililo nusu tupu, akasema, kwenye barabara za Japani. Ni ya kuanzia tu.

Swali lile la nani kasema alimwuliza kila mtu, na sikumbuki jibu hata moja lililompendeza. Watu walisema fundi kasema. Walisema kibandiko kimesema, mume wangu kasema, mtandaoni wamesema. Alikuwa akisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kabisa, halafu akauliza gari linabeba nini leo na linakwenda wapi, kana kwamba hukusema kitu. Kwa muda mrefu niliamini kwamba liko jibu lililo sahihi na yeye analificha.

Kulikuwa na dereva mmoja kutoka bara, mtu mzima mwenye ndevu, anayewatembeza wageni wa Diani kwa gari kubwa kuliko langu. Aliletwa na sifa za watu. Alishuka hajazima mashine, akamwambia, "Mathee, simu imesema fote. We weka tu fote, niko na haraka." Fote yake ni arubaini.

"Simu imewaona hao wageni wako?" Bi Dereva akamwuliza. "Imeiona miili yao?"

Alisogezewa kigoda. Alikaa amenuna, saa ya kwanza anatazama simu, saa ya pili anakula mahamri, saa ya tatu anamhadithia Bi Dereva habari za mama yake huko Machakos. Aliondoka alasiri na thelathini na mbili mbele na thelathini na nne nyuma. Wiki iliyofuata alirudi, akajisogezea kigoda mwenyewe.

Ukaidi huu haukuanza na uzee. Muuguzi mmoja aliyefanya naye kazi alinieleza kwamba kwenye gereji yao palikuwa na karatasi ukutani, imegongwa mhuri, inaamuru magari yote yatiwe upepo wa namba moja, ya kwenda Kinango na ya kwenda Kibuyuni. Kila asubuhi dereva anaandika namba ile na kutia sahihi. Wenziwe waliandika namba ya karatasi na kutia upepo walioutaka, au hawakutia kabisa. Bi Dereva aliandika upepo aliotia kweli. Siku ya Kibuyuni aliposhuka lami alisimamisha gari akautoa upepo kwa njiti ya kiberiti mpaka kumi na nane, tairi likapanuka juu ya mchanga, wauguzi wamesimama pembeni wanamwambia atafukuzwa. Jioni, kabla ya kurudi lami, aliyajaza yote manne kwa pampu ya mguu. Chanjo zilifika na barafu yake. Naye akaandika kumi na nane, kwa wino.

Msimamizi wa magari alimsimamisha kazi wiki mbili. Wiki mbili hizo alikaa nyumbani akasuka ukili, na mkeka uliotoka humo ninao mimi, uko buti ya gari. Aliporudi, asubuhi ya kwanza aliandika tena namba ya kweli. Muuguzi anasema karatasi ile ilikaa ukutani miaka mingine mingi, na Bi Dereva alipata msumari akautia juu yake, akawa anatundika buibui lake hapo.

Sitaki mtu adhani alikuwa malaika. Alikuwa na kiburi, na alikuwa hapendi kubishiwa, yeye aliyewafundisha watu wote kubisha. Gari lake mwenyewe hakuwahi kuwa nalo, na tuktuk zilizompeleka sokoni Ukunda alizitukana kuanzia kiti mpaka honi, lakini hakuna siku alikubali nimpeleke mimi, eti nisimzoeze. Mtu aliyevuka makorongo ya Kinango na mafuriko yake alikuwa akiogopa feri ya Likoni. Alifumba macho kutoka ng'ambo hii mpaka ile na kuwaombea dua wote waliomo kwa sauti. Na mara moja alikosea. Nilibadilisha matairi nikatia ya kuta nene zaidi, yeye akashikilia namba ya yale ya zamani, nikamsikiza, na katika miezi michache yakalika kingo zote mbili. Hakuomba radhi. Alinitumia mkate wa sinia, umefunikwa kwa kawa, na hatukulizungumza jambo lile tena.

Namna alivyonifundisha ilikuwa hivi. Hakunipa namba. Alinipakizia watu. Mama mkwe kiti cha kati, watoto nyuma, gunia la nazi buti, halafu akaniita chini nilitazame tairi linavyokaa na ule mzigo. Kisha akatoa chaki mkobani, akachora mstari mnene kwenye uso wa tairi kutoka ukingo huu mpaka ule, akaniambia niendeshe mpaka msikitini na nirudi. Mstari ukifutika katikati peke yake, tairi limejaa mno, linakanyagia tumbo. Ukifutika kingoni na kubaki katikati, limelegea. Ukifutika wote sawa, hapo ndipo penyewe, kwa mzigo ule na kwa njia ile. Mama mkwe alilalamika siku ya kwanza kwamba amegeuzwa jiwe la mizani. Siku ya tatu alikuwa anashuka mwenyewe kuja kuusoma mstari, na mimi nilikuwa nimeanza kulipenda lile gari.

Kikao cha kwanza cha familia kilifanyika kwa shemeji, miezi michache baada ya eda yangu kwisha. Alisema gari litahamia Likoni Jumatatu. Sijui nilipata wapi kinywa. Nikamwuliza, "Nani kasema?" Naye, si mjinga, akanigeuzia: na nani kasema likae kwangu? Nikatazama huku na huku. Nikasema, Bi Dereva amesema naweza kuliendesha. Walicheka mpaka wajomba. Mzee wa ukoo akasema basi, jambo liahirishwe, likae kwangu kwa sasa. Nilirudi Msambweni nikimsimulia Bi Dereva kwa furaha, maana nililiona kama ushindi. Alikasirika kuliko nilivyowahi kumwona.

"Umenisimamisha mbele yako kama pazia," aliniambia. "Mimi nina gari?"

Wiki nzima hakuniitikia vizuri. Nami nilikasirika pia, nasema kweli. Nilimtetea jina lake mbele ya wakwe, naye ananinunia.

Hapo katikati kuna harusi ya Kibuyuni, ambayo watu wa kwetu bado wanaieleza kila mtu na uongo wake. Yangu ni mafupi. Nilikuwa na watu wanane na masufuria. Lami ilipokwisha nilisimama nikatoa upepo mpaka kumi na nane, bibi arusi mtarajiwa anachungulia dirishani, na shemeji akanipita kwa gari lake akipiga honi. Tulimkuta mbele, magurudumu yamezama mpaka rimu, amevua viatu. Nilimvuta kwa kamba. Shangazi mmoja alipiga picha akaituma kwenye lile kundi la simu, na naamini kabisa kwamba ni picha ile, si watoto wala urithi, iliyoleta kikao cha pili.

Kikao cha pili kiliitwa Jumapili moja, na safari hii shemeji alisema ameshapata mnunuzi. Litauzwa, kila mtu apate utulivu. Bi Dereva wakati huo alikuwa ameondoka Msambweni. Macho yalikuwa yamemwishia, na mwanawe anayefanya biashara ya mbuzi Taru alimchukua akae naye, nyuma ya vibanda vya barabara kuu. Mimi niliamua nimfuate. Nilitaka aje aketi katika kile kikao, aseme mbele yao ninavyoliendesha, awaeleze mtaro ule wa Kinango ulikuwa kosa la nani. Wangenicheka mimi, yeye usoni wasingeweza. Jumamosi nikaondoka alfajiri peke yangu, nikapita lami ya Mariakani, nikafika jua limeshapanda.

Alitoka akipapasa ukuta. Nikamwamkia. Akapita mbele yangu, mkono umetangulia, mpaka akalipata bodi la gari, akashuka nalo taratibu mpaka kwenye tairi.

"Halijalala."

"Najua, Bi Dereva."

"Shikamoo yako nimeisikia. Marahaba. Kaa."

Tukakaa upande wa kivuli cha nyumba, malori yanapita, mbuzi wanalia kwenye zizi. Nikamweleza nilichokujia, chote, mpaka mnunuzi. Aliniuliza habari za mama mkwe, akauliza nani anakaa nyumba yake, akauliza kama tuktuk za Ukunda bado zina wazimu. Nilirudia ombi langu, akaniuliza njia niliyojia na njia nitakayorudia. Nikasema nitarudi kwa Kinango, ni karibu zaidi. Akatikisa kichwa. Nilianza kuona uchungu moyoni, kwa sababu nilikuwa nimetoka mbali na kesho yake nilikuwa na mambo.

Saa tatu zilipotimia alisimama bila kuambiwa. Akatoa kipimo mkobani, kilekile, akanipa mkononi. Macho yake hayangeweza tena kuzisoma namba. Nikapima yote manne nikamsomea: thelathini na mbili, thelathini na mbili, na nyuma vivyo hivyo.

"Nyuma weka thelathini na tano," alisema.

"Hapana. Nashusha ishirini na nane, yote."

Alinigeuzia uso. Akasema njia ile ameiendesha kabla sijaolewa, na kila wiki aliiendesha kwa thelathini na tano nyuma, hakupata pancha zaidi ya moja. Nikamwambia ulikuwa na masanduku ya chanjo na watu saba, Bi Dereva. Kule kuna mawe, mwendo wangu ni wa polepole, nyuma hakuna mzigo.

"Mimi niko peke yangu," nilisema.

Nilipoyasema ndipo nilipoyasikia. Nilikuwa nimekuja kumchukua. Kiti cha mbele nilikuwa nimemtandikia kanga. Na hapo nilikuwa nimekwisha kupima upepo wa gari lisilokuwa na yeye ndani. Yeye pia alisikia, maana mkono wake ulisimama juu ya tairi.

"Nani kasema?" aliuliza.

Nikatafuta wa kumtaja. Kibandiko hakisemi ishirini na nane. Marehemu mume wangu hakuwahi kukishika kipimo. Yeye mwenyewe alikuwa amesema thelathini na tano, tena mara mbili.

"Mimi," nikasema.

Nilipiga magoti nikashusha upepo, gurudumu baada ya gurudumu, naye akinifuata nyuma kwa kuligusa gari, akisikiliza unavyotoka. Nilipolimaliza la mwisho alilibonyeza kwa dole gumba. Alikuwa bado hakubaliani nami, niliona usoni.

"Basi rudisha vifuniko," alisema, "usije ukachelewa kikao chako."

Nilivirudisha vyote vinne. Jumapili nililiendesha mwenyewe mpaka Likoni, nikaliegesha mlangoni kwa shemeji, nikaingia na ufunguo mkononi. Gari linalala kwangu mpaka leo.